Kikombe cha Pătru

Leontina alikuwa na ulimi, na hakuwahi kukana. Alianza kushona akiwa msichana, enzi kiwanda cha Calafat, kule Romania, kikishona sare za wanajeshi. Wenye kiwanda wakabadilika, serikali, kisha Mtaliano, kisha Mturuki, yeye akabaki palepale safu ya pili karibu na dirisha, akiweka kola kwenye mashati. Shoga zake ndio walioondoka. Huyu Uhispania kuchuma stroberi, yule Italia kulea vizee, mpaka safu ikabaki na mapengo kama kinywa cha bibi kizee.

Mturuki akajaza mapengo kwa wanawake kutoka Sri Lanka.

"Na hawa nao wametokea wapi?" Leontina aliuliza siku hiyo ya kwanza, kwa sauti ya kusikika.

Walikuwa bado hawajui lugha ya pale. Saa ya kula walifungua vyombo vyao, harufu ya samaki na binzari ikajaa ukumbi mzima, na Leontina akainuka akafungua dirisha. Januari hiyo, baridi kali nje! Wote walitetemeka, yeye mwenyewe pia, lakini dirisha hakulifunga ng'o. Baada ya hapo ofisi ilibandika picha ukutani, mikono ya rangi mbalimbali imeshikana, na chini yake maneno kwamba sisi sote ni familia moja. Nelu, msimamizi wao, alipigilia msumari juu ya picha ile akatundika koti lake.

Aliyekaa nyuma ya Leontina aliitwa Nilmini, mwanamke mfupi, mtu mzima, mwenye kushona mikono ya mashati. Miaka miwili walikaa hivyo, mgongo na uso, na maneno yao hayakuzidi "nipe mkasi" na "pole, mama." Kitu kimoja tu cha Nilmini ndicho Leontina alikishika akilini. Chai yake alikuwa akiinywea kwenye chupa ya jamu.

Kisha Pătru akafa.

Pătru, mume wa Leontina, alikuwa dereva wa trekta, mkimya, mtu wa maji. Akirudi shambani alikuwa hangoji bilauri, anainua ndoo. Walipompasua tumbo hospitalini, madaktari walisema asinywe hata tone, na Leontina ni mtu wa kushika maagizo.

"Tina, maji," Pătru alimwambia.

"Daktari amekataza."

"Tone tu, Tina. Nani atakuona?"

Hakumpa. Alimpangusa midomo kwa pamba iliyoloa, na Pătru akaing'ang'ania ile pamba kwa meno akaifyonza. Jumapili alasiri akakata roho, na maji ya Leontina mwenyewe yakiwa kwenye bilauri juu ya kijimeza, pembeni ya kitanda. Hilo lilimkaa rohoni. Kila akifungua bomba lilimrudia, akawa anaosha vyombo huku analia, analia huku anaosha.

Ilipofika arobaini alifanya yote yanayofanywa. Kwao, unachompa mtu kwa ajili ya marehemu, marehemu anakipata huko aliko: chakula, taulo, viatu, mshumaa wa kumulikia. Ndiyo maana sadaka ile haikataliwi. Kijijini watu walikula wakashiba, wakasema Mungu amlaze pema. Lakini kikombe Leontina hakukitoa siku hiyo. Alikuwa amenunua kikubwa kuliko vyote sokoni, cha buluu, na alitaka kwanza ajue kinakwenda mkono gani.

Sanda, shoga yake wa mwisho pale kiwandani, alimwambia wazi. "Ukinipa mimi nitapokea, nitafanyaje? Ila kabati langu limejaa vikombe vya maiti, mwenzangu. Nikilifungua wananisalimia."

"Nataka mtu wa kukinywea. Kila siku. Sitaki cha pambo."

"Basi mpe yule wa chupa ya jamu."

"Wewe Sanda, una wazimu!"

Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, Leontina aligeuka na kiti chake akaweka mbele ya Nilmini kikombe cha buluu, mkate, mshumaa na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari.

"Ni vya mume wangu," alisema. "Kwa roho yake."

Nilmini alisimama, akapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Akala palepale, akanywa maji kwa kikombe kile mpaka yakaisha. Leontina akashusha pumzi. Jioni ile aliosha vyombo bila kulia.

Kesho yake asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, Nilmini alimfuata na mfuko. Ndani mlikuwa na kikombe, kimesuguliwa kinang'aa, kimejazwa vitamutamu vya ufuta.

"Chombo chako, mama. Asante."

Leontina alikitazama.

"Unanirudishia?"

"Nimeosha vizuri, mama."

"Unanirudishia! Umemnyang'anya! Mkononi mwake umemnyang'anya!" Akapiga kelele hadi wa safu ya mwisho wakasimama. "Nilijua! Nilijua nikiwapa watu hawa nitajuta! Sasa nimfanyeje? Sasa atanywea nini?"

Akaketi akajifunika uso kwa shati la mteja. Nilmini alibaki amesimama na mfuko wake. Huko alikotoka chombo cha jirani hurudi, tena hakirudi kitupu, na kukaa nacho ndiyo aibu. Nelu alikuja mbio akitishia kumwita mtu wa ofisini.

"Nenda zako Nelu, haya si ya ofisini," Sanda alimfukuza. Akamvuta Nilmini kando akamweleza pole pole: kikombe hiki ni cha marehemu sasa, ukikinywea anakunywa, ukikirudisha unamwambia ondoka. Kisha, kwa kuwa mdomo wake haujui kufunga, akamweleza na habari ya pamba.

Nilmini alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikufa na kiu?" aliuliza.

"Na kiu."

Nilmini alimwaga vile vitamutamu mezani kwa Leontina, akakiweka kikombe ndani ya bakuli tupu, akaenda bombani na jagi. Aliwaita wenzake kwa lugha yao, nao wakaacha viti vyao wakaja, mmoja ameshika bega la mwingine. Akapiga magoti karibu na kiti cha Leontina.

"Mama. Aliitwa nani?"

Leontina hakutaka kujibu. Aliona wale wanawake wote wamemzunguka, wale aliowafungulia dirisha Januari, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso wa kisirani.

"Pătru," alisema.

"Kwetu pia marehemu tunawapelekea maji. Shika hapa na mimi."

Akamwekea mkono wake juu ya jagi. Wakaanza kumimina, uzi mwembamba usiokatika, wanawake wakisoma maneno yao kwa sauti ya chini, na kila baada ya maneno kadhaa Leontina alisikia jina la mumewe katikati, limetamkwa vibaya lakini ni lake. Kikombe kikajaa. Nilmini hakuacha. Maji yakafurika, yakajaza bakuli, yakapanda ukingo.

"Jamani, meza!" Nelu alipayuka. "Kola za watu zile! Acheni, kimeshajaa!"

"Mwache anywe," Leontina alisema, machozi yakimtiririka, naye ndiye aliyeinamisha jagi zaidi.

Kola zililowa, na Mturuki alikasirika, akaambiwa bomba limevuja.

Kikombe sasa kiko mezani kwa Nilmini, na chupa ya jamu imewekewa vifungo vya mashati. Leontina bado ana ulimi. Samaki wale bado anasema wananuka, ingawa dirisha halifungui. Ila mapumziko yakifika, Nilmini akizubaa hajaenda bombani, Leontina hugeuka na kiti chake.

"We Nilmini! Hujanywa leo?"

"Bado, mama."

"Kunywa basi. Mtu anasubiri."