Kigoda cha Bi Shuka

Miaka ishirini na saba Bi Shuka alitandika vitanda vya hoteli. Jina hilo walimpa wafanyakazi wenzake, maana shuka aliyoitandika yeye hata inzi akitua aliteleza. Alikuwa na mkono mwepesi na sheria moja aliyofundishwa siku ya kwanza kazini: mfanyakazi hakai kwenye kiti cha mgeni. Hata mgongo ukatike, hakai.

Alipostaafu akahamia kwenye kijumba chake mwenyewe cha vyumba viwili, akakipanga kwa namna aliyoijua. Taulo zimekunjwa mara tatu. Mito imesimama kama askari wa gwaride. Mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki naye, alikuja kukaa wiki nzima. Akalala siku moja, asubuhi akabeba mkoba.

"Dada, usikasirike," alisema, "lakini hapa kwako naogopa hata kupiga chafya. Nangoja mtu aje anidai ufunguo."

Maneno hayo yalimkwama Bi Shuka kooni miezi minne. Sasa mdogo mtu alikuwa amekubali kuja tena, Jumamosi, na Bi Shuka alijua kabisa kwamba akiondoka safari hii, harudi. Akaamua kinachokosekana ni mapambo. Watu wengine wakikosana huombana radhi. Yeye alikwenda sokoni.

Soko la kazi za mikono lilikuwa chini ya paa moja refu la mabati, kila muuzaji na kipande chake: huku vyungu, kule mapazia, vikapu vimening'inia mpaka vinakugonga paji la uso. Kwa msusi wa mikeka aliukunjua mkeka mwekundu, akaugeuza, akaunusa, akauvuta pembe zote nne.

"Unavumilia maji ya moto?"

"Kwani unataka kuupika, mama?" msusi akamuuliza.

Akaununua. Akanunua na vikapu viwili vinavyofanana, na pazia jeupe.

"Jeupe tena!" msusi alimpigia kelele kutoka kwenye kipande chake. "Una wagonjwa?"

Mwisho akafika kwa mchonga vigoda. Akainama kupapasa miguu ya kimoja baada ya kingine, akipitisha kidole chini kutafuta vumbi. Vumbi lilikuwepo. Akaguna.

"Shangazi," mchongaji alisema, "hicho si cha kukaguliwa. Kalia."

"Kukiona kunatosha."

"Na vya nyumbani kwako unaviona tu?"

Bi Shuka akatoa kidole chini ya kigoda. Nyumbani alikuwa na viti vinne vya kitambaa, havina hata doa. Yeye chai yake aliinywea jikoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, tangu ahamie. Na siku ile mdogo wake alipokuja, yeye mwenyewe alisimama mlangoni mikono kaifungia mbele, mtu wa watu anakula huku anatazamwa. Nani angekaa?

"Kalia bwana, hakiumi!"

Akageuka kuangalia nyuma, eti msimamizi wa hoteli asije akamwona. Halafu akakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, kimeinama kidogo upande mmoja, magoti yakampanda karibu na kidevu. Mgongo ukashuka wenyewe kama gunia. Alikaa pale mpaka mchongaji akauza vigoda vitatu mbele yake na kuanza kumbembeleza awapishe wateja.

"Nifungie hiki hiki," alisema. "Na usikifute."

Jumamosi mdogo wake aliingia, mkoba begani, akatazama mkeka, vikapu, pazia.

"Pazuri," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesimama mapokezi. Mkoba hakuutua.

Mikono ya Bi Shuka ilishaanza kujifunga yenyewe. Akaifungua. Akavuta kigoda katikati ya mkeka, akakaa, akavua viatu, kimoja akakitupa huku, kingine kule, akanyoosha miguu.

Mdogo mtu akamkodolea macho. "Dada, unaumwa?"

"Nimechoka. Miaka yote hiyo nimesimama."

Mkoba ukatua chini, puu! Mdogo wake akajibwaga kwenye kiti cha kitambaa, mto mmoja ukaanguka, na hakuna aliyeuokota.

"Haya, na chai anachemsha nani?"

"Wewe," alisema Bi Shuka. "Sukari iko jikoni, nyuma ya ndoo."