Kirungu Mahali pa Kiti cha Mama

Mume wangu ni mtu wa kupima. Hata akitandika shuka lazima ahakikishe pande zote mbili zimelingana, na mimi, niliyezaliwa na haraka, nilishaacha zamani kumsaidia kutandika. Kwa hiyo Jumamosi ile niliporudi kutoka kwenye duka la mbegu na mbolea ninakofanya ukarani mjini, nikamkuta amelala chali chini ya pikapu yetu uani, sikushangaa. Ubavuni mwa gari ulikuwa unaning'inia uzi wenye nati mwishoni. Nilimwuliza tu kama amekula. Sauti ikatoka chini ya gari kwamba bado.

Alikuwa amepata trela ya kubebea mahindi. Huku kwetu Cheptiret mahindi yakikauka shambani kila mtu anatafuta gari kwa wakati mmoja, na yeye alichoka kungoja la mwenzake. Lakini trela hii haikuwa ya kufungwa kwenye bampa ya nyuma. Ilikuwa na shingo ndefu iliyopinda, inayopita juu ya mlango wa nyuma wa pikapu na kuja kukalia chuma kilichosimamishwa ndani ya bodi ya kupakia mizigo, chenye kichwa cha mviringo kama ngumi. Mafundi wanakiita bolu. Mimi nilikiita kirungu, na jina likashika.

Kirungu hicho hakiwekwi popote. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma, alinieleza huku akila ugali kwa mkono wenye grisi hadi kwenye kiwiko, pua ya gari inainuka na usukani unakuwa mwepesi kama wa gari la mtoto. Lazima ukae juu ya ekseli yenyewe, au mbele kidogo. Ndiyo maana ya uzi na nati: alitafuta katikati ya gurudumu, akapandisha alama ya chaki ubavuni, akaivusha hadi sakafuni, halafu akapima tena kutoka upande wa pili kwa sababu hakujiamini. Chini ya bodi alilaza vyuma viwili vinene juu ya chesisi ili bati la sakafu lisibebeshwe kazi isiyo yake. Akatoboa kwa drili, akaingiza bolti nane, kila moja akaipaka rangi isiote kutu, akakaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mwisho akakipaka kirungu grisi na kukifunika kwa gunia kisiingie vumbi. Mimi sikwenda hata kuchungulia. Nilikuwa na nguo za kupiga pasi.

Sasa lazima nieleze habari za mama yangu, maana bila yeye hadithi hii ni ya bolti tu.

Mama anaishi Langas. Alikuja huku akiwa msichana kutoka magharibi, akauza mboga, akatulea, na katika safari hiyo yote hakuacha desturi hata moja nyumbani. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono, hawakai pamoja, hawali meza moja, wala hawatazamani usoni. Wengi siku hizi wamelegeza. Mama hajalegeza. Nikimtania kwamba dunia imebadilika, ananijibu, "Na wewe ukiolewa kwa dunia, ubadilike nayo."

Kila Jumapili tulikuwa tunampitia Langas, tunaenda naye kanisani Pioneer, halafu tunakuja naye kwetu kwa chakula cha mchana. Watoto wako shule za bweni, na bila mama Jumapili yangu ingekuwa sufuria na redio. Pikapu yetu ina kiti kimoja kirefu cha mbele. Mama kukaa hapo na mkwe wake? Afadhali atembee. Kwa hiyo alipanda nyuma, na kiti chake cha mbao cha mgongo mfupi, shali ya sufi mabegani, akitazama barabara inavyobaki nyuma. Goti lilipoanza kumsumbua, siku moja tu tulikuta mume wangu amemchomelea ngazi ya vyuma vya nondo, vipandio vitatu. Mama akapanda, akaniambia kwa sauti ya kufika mbele kwenye usukani, "Mwambie baba watoto Mungu amwongezee nguvu za mikono." Yeye naye akaniambia, akiwa hatua nne tu kutoka kwake, "Mwambie mama asante." Nimekuwa posta ya watu hawa wawili kwa miaka kumi na mmoja, na sijawahi kupumzishwa.

Tena mama akiwa nyuma, mume wangu hugeuza kile kioo cha ndani kikatazama dari, asije akamwona kwa bahati mbaya. Ndiyo heshima yake. Na ndiyo iliyotuponza.

Jumapili hiyo tulifika Langas mapema. Mama akatoka na kiti chake, nikakishika, akapanda ngazi yake polepole. Alipofika kipandio cha mwisho akasimama. Akainua gunia kwa vidole viwili. Kirungu kilikuwa kimesimama kinang'aa grisi, na kukizunguka, kwenye rangi ya sakafu, kulikuwa na vidoa vinne vilivyochubuka. Ni miguu ya kiti chake iliyovichora, Jumapili baada ya Jumapili. Kirungu kilikuwa katikati yake kabisa. Mume wangu alipapata mahali pale kwa uzi na nati. Mama alishapapata miaka mingi kabla yake kwa makalio, kwa kuhamahama mpaka akapajua pasiporusha.

Alilirudisha gunia taratibu. Akashuka.

"Mwambie nimeelewa," akasema.

"Umeelewa nini, mama?"

"Mtu mzima haambiwi kwa mdomo. Ametumia adabu, nashukuru." Akachukua kiti chake mkononi mwangu, akaingia nyumbani, akafunga mlango bila kuubamiza. Angeubamiza ningejua la kufanya.

Nilirudi kwenye gari damu inachemka. "Ulikosa mahali pengine pote pa kuweka hicho kirungu chako? Hapo ndipo mama anakaa!"

Mume wangu akageuka rangi. "Anakaa hapo?"

"Miaka kumi na mmoja!"

"Mimi nitajuaje?" akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nimwangalie?"

Mtu anayepima kila kitu alikuwa hajui mama mkwe wake anakaa wapi ndani ya gari lake mwenyewe, kwa sababu alimheshimu kupita kiasi. Hasira yote ikanitoka, nikabaki na huruma tu. Hatukwenda kanisani siku hiyo.

Nilimpigia mama simu kila siku ya wiki hiyo. Nilimweleza ekseli, nikamweleza mzigo, nikamweleza uzi na nati. "Wewe unamfunika mume wako," akasema, "na ni vizuri. Mke anafaa kufunika." Nikamwambia mume wangu yuko tayari kukifungua kirungu na trela irudi ilikotoka. Kweli alikuwa tayari. Nilimkuta amesimama nyuma ya gari na spana mkononi. Hilo ndilo lililomkasirisha mama. "Asifungue kitu! Ati mwanaume avunje kazi yake kwa sababu ya matako yangu? Nitaonekana mtu wa aina gani?" Jumapili iliyofuata hakutoka. Ile ya pili yake alisema goti linauma. Nilijua goti halihusiki. Niliona wazi kwamba nikizembea, mama yangu ataacha kuja kwangu kabisa, na itakuwa kwa adabu tupu, bila hata ugomvi wa kusuluhishwa.

Nililia, nasema ukweli. Mume wangu alinitazama nikilia juu ya sinki, kisha akasema, "Leseni yako iko wapi?"

Leseni yangu ilikuwa kwenye droo, chini ya kadi za kliniki za watoto. Nilipasi mtihani zamani, na juma lilelile nikaingia na gari kwenye ua wa jirani, nikatokea kwenye banda la ng'ombe wake. Nikaapa sitashika usukani tena.

"Wewe utaendesha," akasema. "Mama atakaa mbele na binti yake. Hakuna mwiko hapo."

"Na wewe?"

"Mimi si mzigo? Nitakaa nyuma."

Wiki mbili alinifundisha upya, jioni baada ya kazi, kwenye uwanja wa shule. Mimi nina mdomo usio na breki na yeye ana subira inayoudhi. "Polepole," alikuwa akiniambia, "hiyo ni klachi, si mende." Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Siku ya nne nilishuka nikatembea hadi nyumbani kwa miguu. Siku ya tano nilirudi, kwa sababu nilimwazia mama na kiti chake mlangoni.

Jumapili ilipofika niliendesha kutoka Cheptiret hadi Langas kwa gia ya pili karibu njia yote, jasho likinitiririka mgongoni asubuhi ya baridi kali. Boda boda zilinipita zikipiga honi. Mume wangu alikaa nyuma kwenye stuli ya jikoni, kando ya kirungu, akaipa kabini mgongo. Upepo ulimnyakulia kofia kabla hatujafika mjini, na hakuniambia nisimame.

Gari lilizimika lenyewe mbele ya nyumba ya mama. Akatoka kuona ni nani anayepigisha injini kelele namna hiyo. Aliniona mimi kwenye usukani. Halafu akaona nyuma: mkwe wake amevaa suti ya kanisa, ameketi wima kwenye stuli, kichwa ameinamisha kwa heshima. Mama akafunika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia, kumbe anacheka, au yote mawili. Akaingia ndani, akarudi na Biblia na shali yake, akapanda mbele kando yangu. Kiti cha mbao akakiacha.

"Utatuua?" akaniuliza.

"Ninajaribu nisiwaue."

Tulipokuwa tunakaribia Pioneer alikiona kile kioo. Nilikuwa nimekielekeza nyuma, nione barabara. Alikitazama, akakitazama tena. Ndani yake kilikuwa kisogo cha mume wangu, kinatikisika na mashimo ya njia. Miaka kumi na mmoja, na ndiyo mara ya kwanza mama yangu kumwona mkwe wake vizuri. Kisogo hakitazami mtu.

"Kumbe ana mvi," akasema. Kisha, "Mtoto wa watu. Unamlisha kweli?"

"Namlisha, mama."

"Simamisha gari."

Nikasimamisha, injini ikazimika tena. Akaivua shali yake ya sufi, ile aliyojifunga miaka yote alipokuwa akikaa kule nyuma, akanipa. "Mpelekee. Huko kuna baridi, mimi ndiye ninayepajua."

Nilishuka nikampelekea. Mume wangu akaipokea kwa mikono miwili. Akajifunga kichwani, juu ya suti, kama mama mboga wa sokoni, akageukia barabara tena.

Nilipoingia, mama alikuwa bado anatazama kioo. Alipoona fundo la shali limekaza, akanyoosha mkono, akakigeuza kikatazama dari.

"Sasa twende," akasema.