Mama Aliyeuliza Gari Ni la Nani

Habari ilinifikia nikiwa kwenye foleni ya chapati, Mchafukoge, na chapati zenyewe sikuzila. Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba hilo, kwangu, ni zito kuliko kushusha bendera nusu mlingoti. Aliyenipigia ni rafiki yangu muuza mapazia, Mwarabu wa hapahapa mjini, mtu ambaye simu zake huanza kwa kunitukana na kuishia kwa kuniuliza nimekula nini. Safari hii alinisalimia kwa adabu, nikajua kuna msiba. "Mama wa vigari ametutoka," akasema. "Presha. Asubuhi yuko dukani anagombana na makuli, mchana wanamkimbiza hospitali, jioni imekwisha." Kisha akakata simu bila hata kuniuliza nimekula nini. Huyu mtu nimekaa naye dawati moja madarasa ya jioni, akiongea bila kumeza mate mpaka mwalimu akazoea kutufundisha sisi wawili tukiwa tumesimama nje ya dirisha. Sijawahi kumwona akiwa wa kwanza kukata simu.

Marehemu hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla pale Kariakoo, mjane kutoka Kilimanjaro, anauza vitu vya kuchezea watoto: mipira, midoli, filimbi na vigari. Alikuwa na sauti ambayo akimwita kuli mmoja, makuli wa mitaa mitatu walitua mizigo. Nilimfahamu kwa sababu ya vigari, na hapo lazima niwaeleze wasomaji wapya siri ambayo wa zamani wameshaizoea. Sisi ni kikundi cha watu wazima, wenye ndevu, wake na vitambulisho vya mpiga kura, tunaokutana Jumapili mchana kwenye chumba kilicho juu ya duka la mapazia kucheza vita mezani. Askari wetu ni wa plastiki, urefu wao haufiki kidole gumba. Jiji letu ni maboksi ya viatu na ya dawa ya meno yaliyopakwa rangi yakawa maghorofa. Unapima mwendo wa askari kwa rula, unatupa dadu, na dadu ndiyo inayosema umepiga au umekosa. Vita vyenyewe ni vya siku hizi, vya mitaani, na askari tulikuwa nao wa kutosha kuiteka Afrika Mashariki nzima na kubakiwa na akiba. Tulichokosa ni magari ya raia. Na jiji linalojifanya Dar es Salaam halafu halina gari hata moja barabarani ni makaburi tu yenye ghorofa. Mtandaoni yapo, mazuri, yametengenezwa hasa kwa michezo ya namna hii, na nilipoona bei yake nikauliza kama yanakuja pamoja na dereva.

Kwa hiyo nikaingia Kariakoo, askari mmoja mfukoni mwa shati. Kila nilipoona kigari, nilimtoa nikamsimamisha ubavuni kupima. Aliyetengeneza vigari vya watoto hakujua kwamba huku tuna majeshi. Kwenye basi moja askari wangu alionekana jitu linaloweza kulibeba kwapani. Kwenye gari dogo la pili alifika usawa wa tairi, kama mtu aliyepotea njia chini ya ghorofa. Machinga wakaanza kunifahamu. "Mjomba, mtoto ana miaka mingapi?" mmoja akaniuliza. "Amepita hamsini," nikamjibu. "Huyo sasa mnunulie la kweli!" akasema, na mtaa mzima ukacheka, nadhani na Buguruni walisikia.

Ndivyo nilivyofika kwenye kaunta ya mama yule. Nilikuwa nimeshamsimamisha askari kando ya pikapu ya bluu nikasikia sauti juu ya kichwa changu. "Wewe baba, huyo mtu unayemsimamisha kwenye mali yangu ni nani?"

"Shikamoo mama. Ni askari."

"Marahaba. Ana kibali?"

Nikamweleza habari yote, huku nikijiandaa kufukuzwa. Hakunifukuza. Alimchukua askari kwa vidole viwili, akamsimamisha upya, akainama mpaka miwani ikataka kudondoka. "Mlango anaingia," akatoa hukumu. "Ila hapa hatuuzi kimojakimoja. Katoni." Boksi la katoni lilikuwa na picha za magari ya kila aina, basi nikainunua kwa furaha, nikaibeba mwenyewe kama mtu anayetoka hospitali na mtoto wa kwanza. Tulipoifungua mezani, vyote vilikuwa teksi za njano. Njano, njano, njano, kuanzia darajani hadi sokoni, kama vile wakazi wote wa jiji wamekwenda kupokea wageni uwanja wa ndege. Niliporudi kumweleza, mama alicheka mpaka akakalia gunia la mipira. "Yesu na Maria! Baba, picha ya boksi unaiamini wewe? Katoni ni aina moja. Wenzako wanagawana!"

Nikafundishwa kugawana. Wauzaji wadogo wanaokuja kuchukua mzigo kwake, wengine kutoka Buguruni, kila mmoja huchukua katoni ya aina yake, kisha wanakaa barazani mwa duka, wanazifungua zote, wanapeana mpaka kila mtu anaondoka na mchanganyiko. Mama akaniingiza kwenye duara lao bila kuniuliza. Niliingia pale jenerali, nikatoka machinga kamili, na mfukoni sikuumia: pikapu, bajaji, basi, lori la maji, na teksi zangu za njano nimezitawanya nchi nzima. Askari wangu mama akamnyang'anya, akamfunga uzi, akamtundika ukutani karibu na kikokotoo, akimwita mwanangu. Mzigo mpya ukishuka, anapiga simu. "Baba, kuna kirikuu kimeingia, kile kipikapu cha mizigo. Mwanangu nimempima, paa linamfika begani. Wahi kabla hawajagawana." Nisije nikamfanya malaika, hata hivyo. Hakuna siku aliyokubali kwamba bidhaa yake ni mbovu. Gari la zimamoto liliwahi kutoka tairi mikononi mwake akiwa analifunga kwenye mfuko, akaniangalia usoni bila kupepesa: "Kila gari linahitaji matengenezo."

Sasa ikatokea kwamba tumewaalika wachezaji wa Temeke, watu wenye majigambo, tukawaahidi jiji kubwa ambalo hawajapata kuliona, lenye daraja na foleni za magari kama zetu. Mzigo wa kutimiza ahadi hiyo ulikuwa stoo kwa mama. Jumapili moja kabla ya wageni, akatoka kanisani akapitiliza kwetu, kitenge cha sikukuu na hotpoti la ndizi nyama, akisema anataka kuona watoto wake wanakaa wapi. Akazunguka meza yote. Alifurahi, nasema kweli, aligusa maboksi yetu kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Wakati huohuo muuza mapazia alikuwa anacheza zamu yake. Askari wangu walikuwa wamejificha nyuma ya msururu wa magari karibu na daraja. Rafiki yangu akatupa dadu, roketi ikapata, akaruka juu kwa shangwe, akachukua pamba tunayoitumia kama moshi na kuiweka juu ya kirikuu cha kijani.

"Hilo gari la nani?" mama akauliza.

"La raia, mama," rafiki yangu akajibu, anaendelea kuhesabu askari wangu waliokufa.

"Raia gani?"

"Raia tu. Limeegeshwa. Halina mtu ndani."

Mama akaweka hotpoti chini. Akatuambia kwamba gari lake la kwanza, baada ya kufiwa na mume, lilikuwa kirikuu. Alikuwa ameliegesha kando ya jengo, yeye yuko ndani anapatana bei, ukuta ukaliangukia. Watu wote waliokuja kumpa pole walisema sentensi moja: bahati nzuri halikuwa na mtu ndani. "Mimi nilikuwemo," akasema. "Ada ya wanangu ilikuwemo. Mzigo wa watu uliokuwa unanisubiri ulikuwemo. Niliokota kioo cha pembeni tu. Halafu ninyi mnaweka pamba mnaruka."

"Wallahi mama, ni mchezo," rafiki yangu akasema, kwa upole kabisa.

"Ndiyo maana naomba. Ingekuwa vita, ningemwomba nani?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mzigo wenu uko stoo na hautoki. Kila gari likiwekwa hapa, anayeliweka aseme ni la nani na linakwenda wapi. Na anayelichoma, ahesabiwe ameshindwa. Hamtaki, wachezeeni hao wa Temeke teksi zenu za njano zilizobaki." Akashika upindo wa kitenge chake akashuka ngazi. Hotpoti alituachia, na ndilo lililotuumiza zaidi, maana zile ndizi zilikuwa tamu kuliko hoja yoyote tuliyokuwa nayo.

Tulibishana wiki nzima. Muuza mapazia alisema vita bila gari la kuungua ni harusi. Mimi nilisema hatuna mzigo, na kwa kuwa hatuna mzigo hatuna jiji. Mwisho tulikwenda wote wawili dukani kwake tukakubali, yeye akiwa amenuna kama pazia lililokatwa fupi. Mama akafungua stoo, akaongeza sharti la papo hapo: hao raia atawacheza yeye mwenyewe.

Wa Temeke walikuja, wakacheka walipomwona mama amekaa upande wa tatu wa meza na rula yake. Akaanza kuweka magari. Hili la fundi bomba, ana miadi. Hii bajaji ya mtu anayempeleka mkewe kujifungua. Lori hili la mchele, mwenyewe amelala kwenye mchele. Kila zamu yake aliyasogeza kidogo kidogo, na sisi majeshi mawili tukawa tunazunguka kwenye vichochoro kama watu waliokatazwa kukanyaga sakafu mbichi. Hatujawahi kufikiri namna ile. Mchezo ambao kawaida ni nani anapiga haraka ukawa ni nani anajua kupita. Kisha mama, kwa utaratibu uleule wa kupanga katoni, akaleta magari yote darajani kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Foleni. Foleni ya Bongo hasa, ya Ijumaa jioni mvua inanyesha. Jeshi la Temeke haliwezi kupita, letu haliwezi kupita, na hakuna anayethubutu kuchoma. "Piteni basi, majenerali!" akatupigia kelele. "Pigeni honi!" Mkubwa wa Temeke akafuta jasho akamwambia, "Mama, mimi nakupa nchi." Nawaapia, kicheko cha siku ile kilitingisha nondo za jengo.

Nimeyawaza haya tangu msiba. Watu wa Kariakoo tunasifiwa kwa kujua bei ya kila kitu, na sasa mzigo unaagizwa kwa simu, unashuka, unaondoka, muuzaji na mnunuzi hawajaonana uso. Ni rahisi, na mimi ni wa kwanza kufurahia rahisi. Lakini yule mama alikuwa akijua kila kitu kilichotoka dukani kwake kimekwenda kwa nani, na alikuwa tayari kupoteza mauzo kwa ajili ya raia wa plastiki ambaye hata hakuwa amechongwa. Siku hizi nikiangalia taarifa ya habari, zikionyeshwa picha za mji uliopigwa huko mbali, mtangazaji akataja majengo na majeshi, macho yangu yanakwenda kando ya barabara kwenye yale magari yaliyobaki mifupa. Zamani niliyaona kama vitu vya kukamilisha picha. Sasa nauliza huyu alikuwa anakwenda wapi, aliacha nini kwenye kiti cha nyuma.

Tuliuaga mwili nyumbani kwake Buguruni, chini ya turubai, na wauzaji wale wa duara la kugawana wakiimba kuliko kwaya. Halafu safari ya Moshi ikaanza, kwa kuwa Mchaga hazikwi ugenini kama nyumbani kupo. Jumapili iliyofuata tulikutana mezani bila kuwa na hamu. Swali lilikuwa moja, na kila mtu alikuwa akilikwepa: upande wa tatu utakaliwa na nani, au turudi kwenye pamba. Kuna mmoja wetu alishaanza kusema kwamba, basi tena, sharti lilikuwa la mama na mama hayupo. Muuza mapazia, jenerali mkali kuliko wote tulionao, akainuka. Alikusanya jeshi lake lote akalirudisha kwenye boksi, akahamisha kiti. "Leo nataka raia," akasema. Akachukua basi akaliweka kwenye barabara inayotoka mjini. Tukamngoja aseme ni la nani, maana hiyo ndiyo kanuni.

"Hili limembeba mama mmoja," akasema. "Anarudi kwao Moshi. Mpisheni."

Majeshi yote mawili yakasogea pembeni, bila dadu. Mimi nimejifunza hivi, ndugu msomaji: kumheshimu mtu kunaanza pale unapouliza alikuwa anakwenda wapi, kabla hujaamua kwamba yuko njiani mwako.