Taji la Kristo wa Keko

Albano alikuwa mchonga vinyago wa Keko, Mmakonde aliyebatizwa kwao kusini. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, parokia ilimwagiza sanamu ya Kristo Mfalme kwa ajili ya sikukuu yake. Akachonga mchungaji aliyembeba mwanakondoo shingoni, kichwa cha mnyama kikiegemea utosini pake. Hivyo ndivyo Albano alivyombeba bintiye Anjelina kumpeleka hospitali, homa ilipompanda. Naye mtoto akafia mabegani kabla hawajafika. Mkewe, Bernadeta, alipoiona sanamu alisema tu, "Ndiye."

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Mzee Revelian, alikuwa Mhaya aliyekulia jirani na ikulu ya mfalme wao. Aliikagua sanamu, akauliza:

"Fundi, taji liko wapi?"

"Mzee wangu, wafalme si tumewaondoa juzi juzi tu?"

Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. "Wa kwetu waliondolewa. Huyu haondolewi. Mtie taji."

Kwa Albano, kinyago hutoka katika gogo moja. Kugundisha kipande ni kazi ya seremala. Na juu ya kichwa cha Kristo hapakuwa na mti mwingine ila kichwa cha mwanakondoo.

Maandiko hayatenganishi mchungaji na mfalme. Daudi alitwaliwa mazizini akatiwa mafuta, na kwa kinywa cha Ezekieli Mungu anawakemea watawala akiwaita wachungaji. Wazee wale waliyasoma hayo. Ila jicho lililolelewa penye enzi hulitafuta taji kwanza.

Albano akairudisha sanamu nyumbani.

"Ibaki hapa, Mama Anjelina. Nikikata, nimemuua mara ya pili."

Bernadeta akakigusa kichwa cha mwanakondoo. "Humu tunamwona sie wawili tu, Baba Anjelina. Tukifa, nani atamjua? Kule atakaa mbele ya Mungu. Kata."

Akakata: kichwa cha mwanakondoo akakichonga kikawa taji, na mwili wake akauondoa mabegani.

Siku ya sikukuu Mzee Revelian alipiga magoti kama wapigavyo kwao mbele ya mfalme, machozi yakimtoka. Watu walipokwisha kutawanyika, Bernadeta aliisogelea sanamu, akaupitisha mkono chini ya taji hadi kifuani, akagusa vijiguu viwili vilivyobaki mikononi mwa mchungaji.

"Miguu umeiacha," akamwambia mumewe.

"Ningeikataje? Mchungaji alikuwa bado ameishika."

Bernadeta akaketi sakafuni, akalia kwa sauti, naye mlinzi wa kanisa akaacha kufunga madirisha.