Jumapili ya Ndevu za Pamba

Gundi ya kope za bandia ina harufu ya samaki aliyesahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ukiipaka mashavuni na kubandika pamba juu yake, harufu hiyo hukaa puani kutwa nzima. Naijua kwa sababu majira yale ya kuchipua, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nilipakwa gundi hiyo mara mbili, kwanza kwa ajili ya shule, kisha kwa ajili ya kanisa. Tuliishi Silver Spring, Marekani, katika jengo ambalo kila mlango ulinukia nchi yake. Wetu ulinukia sombe, kisamvu cha kwetu, na dagaa wakavu, na ukifunguliwa harufu ilitutangulia koridoni, nami nilikuwa nikijiuliza kama majirani wanatuhesabia kosa. Nilikuwa mtoto wa kujiuliza. Nilirudi jikoni tena na tena kuhakikisha jiko limezimwa, na nikishaona limezimwa, nilijiuliza kama macho yangu yameona sawasawa.

Shuleni kulikuwa na desturi ambayo nadhani Wamarekani peke yao wangeweza kuibuni. Kila mwaka wanafunzi wa darasa la sita waligeuzwa sanamu za watu maarufu waliokwisha kufa. Unavaa kama marehemu wako, unasimama koridoni bila kupepesa macho, na kifuani unabandikwa duara la karatasi nyekundu. Mzazi akilibonyeza, unafufuka, unasimulia maisha yako kana kwamba ni wewe, kisha unakufa tena hadi abonyeze mwingine. Majina tuliyachomoa kwenye kofia. Wenzangu walipata malkia, rubani, mwimbaji. Mimi nilipata Mwingereza wa karne ya kumi na tisa, mwanabiolojia mwenye ndevu nene za mashavuni ambaye umaarufu wake, kwa jinsi mwalimu alivyonieleza, ulitokana na kubishana na watu kwa niaba ya rafiki yake. Niliomba kubadilishiwa. Mwalimu alisema marehemu habadilishwi.

Basi nikamsoma, na bila kutarajia nikampenda. Alikuwa amesoma shule miaka miwili tu, mengine akajifundisha mwenyewe. Alipanda meli ya jeshi kama msaidizi wa daktari, akatumia safari hiyo kuchunguza viumbe wa baharini laini kama utelezi, ambao wengi hawakuona haja ya kuwatazama mara ya pili. Rafiki yake alipoandika kitabu cha kueleza kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, naye akawa mgonjwa na mpole mno asiweze kukitetea hadharani, huyu alisimama badala yake mbele ya maaskofu na maprofesa. Aliandika kitabu chake mwenyewe kuonyesha, mfupa kwa mfupa, jinsi binadamu alivyo ndugu wa sokwe. Aliwafundisha vibarua na mafundi kwa kuanzia na kipande cha chaki tu, kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa. Aliunda neno jipya la kumtaja mtu asemaye sijui, na sitajifanya najua. Kwangu mimi, yule wa kurudi jikoni, neno hilo lilikuwa kama ruhusa.

Tena alifiwa na mwanawe wa kwanza, mtoto ambaye hakutimiza miaka minne, kwa homa. Rafiki yake mwingine, mchungaji, alipomfariji kwa habari za mbinguni, alimshukuru, ila akakataa kusema kwamba ataonana na mtoto wake eti kwa kuwa anatamani sana iwe hivyo. Hayo niliyaweka mwisho wa hotuba yangu, kwa maneno yangu mwenyewe. Mwalimu aliyapigia mstari na kuandika pembeni kwamba nimefanya vizuri sana.

Mama hakuja shuleni siku ya maonyesho. Alikuwa kazini Alexandria, mji wa jirani, akimwogesha mzee wa Kizungu ambaye kwa muda wote aliomhudumia alimwita kwa jina la mhudumu aliyemtangulia. Jina la kweli mama alikuwa nalo mahali pamoja tu, kanisani. Kwetu Kongo ya mashariki mwanamke akizaa huitwa kwa mtoto wake, na kanisani mama alikuwa Mama Sifa. Sifa ni mimi. Nililipenda jina lile kuliko langu lenyewe, maana mtu akilitamka niliona kama tumeshonwa pamoja. Nilijua kwa mbali, kama mtu anavyojua kwamba kulikuwa na vita kabla hajazaliwa, kuwa kabla yangu kulikuwa na mtoto mwingine, aliyeishia kambini kule Burundi. Nyumbani hakutajwa. Na majira yale jina la Mama Sifa lilikuwa linapanda, kwa sababu kwaya ya akina mama ilitafuta mwimbishaji, na wengi walimtaja yeye.

“Kama sikukuona kule, nitakuona kanisani,” aliniambia. “Siku ya Watoto utavaa zile ndevu, bote bakuone.”

Nilimwambia kuna sehemu ambazo huenda watu wasizipende.

“Sehemu gani? Ulisema mbele ya Wazungu, utashindwa mbele ya watu yetu?”

“Mama, huyu mtu hakuwa—”

“Si alikuwa dokta ya meli?”

“Ndiyo, lakini—”

“Basi. Dokta ni dokta.”

Alikuwa amekwisha kuwatangazia wenzake kwamba mtoto wake atatokea kama dokta. Jumapili hiyo alinipaka gundi yeye mwenyewe, akiipuliza polepole ili isinichome. Sijawahi tena kupulizwa usoni na mama yangu.

Tuliabudu katika ukumbi wa kanisa la Wazungu, mchana, wao wakishaondoka na kutuachia harufu ya kahawa yao. Mkalimani wetu alikuwa Ndugu Wafula, Mkenya dereva wa teksi, aliyezoea kuwatafsiri wahubiri wageni. Hakutafsiri maneno tu. Mhubiri akilia, naye alilia. Mhubiri akiruka, naye aliruka. Watoto waliponiona walianza mapema. “Shikamoo babu! Babu Sifa, fimbo yako iko wapi?” Mama akaja mbele na kitenge chake kipya, akageuka ili kanisa zima limwone, akabonyeza duara kifuani pangu.

Nikafufuka. Nilisema kwa Kiingereza nilivyokariri, na pembeni yangu Ndugu Wafula akashika moto.

“Nilikuwa mtoto nisiye na shule!”

“Amina!” kanisa likaitika, kwa mazoea.

“Lakini nilijifundisha mwenyewe!”

“Amina!”

“Nikapanda meli!”

“Amina!”

“Mimi na sokwe tuna babu mmoja!”

“Amina!”

Wachache walisikia walichokiitikia, na kicheko kikaanza upande wa vijana. Ndugu Wafula alikuwa kama gari lililokatika breki mteremkoni, hakusimama. Mimi pia sikusimama, kwa kuwa tulifundishwa kwamba sanamu ikishafufuka huendelea hadi mwisho, hata mgeni akiondoka. Nikafika kwa yule mtoto. Ndugu Wafula aliinua mkono mmoja juu na kufumba macho.

“Mwanangu wa kwanza amekufa kwa homa! Na siwezi kusema nitamwona tena!”

“Amina!” likasema kanisa la mama yangu.

Kisha wote wakasikia walichokiitikia. Kidole cha mama kilikuwa bado kifuani pangu, kikibonyeza ile karatasi, kikaendelea kubonyeza hadi nikausikia ukucha.

Kwenye meza ya chakula watu walirejewa na sauti. “Ndiyo Amerika hiyo,” mwanamke mmoja alisema akijipakulia wali. “Unaipa mtoto, inakurudishia nyani.” Walicheka huku wakimtazama mama acheke nao, naye akacheka. Mke wa mchungaji alimshika bega. “Tunauliza kwa upendo tu, Mama Sifa. Anayetaka kuimbisha wenzake, si aanze kwanza nyumbani kwake?” Watoto waliniletea ndizi, mmoja baada ya mwingine, wakaniwekea mapajani. “Karibu chakula, babu.” Nilikula moja nikidhani wakiona nakula wataacha. Hawakuacha. Nyumbani mama alinibandua pamba kwa kitambaa na mafuta ya kupikia, akasugua hadi ngozi ikatoka.

“Yosua hakufikisha miaka minne,” alisema, akiendelea kusugua. “Ilikuwa homa.”

Hivyo ndivyo nilivyolisikia jina la kaka yangu kwa mara ya kwanza.

Jumapili iliyofuata mchungaji alituita mbele. Alikuwa mtu wa sauti laini, na ulaini huo ndio ulionitisha. Alinitaka nilieleze kanisa kwamba maneno yale hayakuwa yangu. Nilisema hayakuwa yangu, na ilikuwa kweli. Watu wakapumua. Angeishia hapo leo ningekuwa na habari nyingine ya kusimulia, lakini aliinama karibu nami na kipaza sauti. “Vizuri, binti yangu. Sasa mwambie mama yako, yule kaka yako aliyetangulia yuko wapi?”

Jibu lilikuwa moja, na kila mtu mle ndani alilijua. Nami nikaanza kufikiri, kama ninavyofikiri hadi leo nikiulizwa hata saa. Nikijibu mbinguni, nitakuwa nimesema ninachokijua? Sijawahi kumwona, hata jina nimelipata juzi. Nikisema uongo juu yake madhabahuni, si nitamkosea zaidi? Mama alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba. Hilo naliona sasa kuliko nilivyoliona siku ile.

“Sijui,” nilisema.

Mchungaji alifungua mdomo, lakini mama alikwisha kuchukua kipaza sauti mkononi mwake. Hakupiga kelele. Alisema kwamba kule nyumbani, kabla ya kambi, alikuwa na jina, na amekosea kuliacha njiani. Alisema mtoto wake wa kwanza yuko kwa Bwana, na huyo hajawahi kumtia haya. “Naomba muniite jina yangu,” alisema. “Miye ni Mama Yosua.”

Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia hata harusini. Wanawake walimkimbilia, wakamkumbatia, wakalitamka jina jipya kama watoto wanaojaribu peremende. Mke wa mchungaji alilia machozi ya kweli. Kabla ibada haijaisha mama alikuwa ameshaimbisha wimbo wake wa kwanza, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nilikaa kiti cha nyuma nikilinda mikoba ya akina mama.

Hakunipiga, wala hakuninyima chakula. Aliendelea kunisuka, kunifulia sare, kunisubiri kituo cha basi penye barafu. Ila hakujibu tena mtu aliyejisahau akamwita Mama Sifa. Alitazama pembeni hadi mtu yule ajisahihishe, na kila aliyejisahihisha alinitupia jicho.

Tulihamia Temple Hills, nikasoma biolojia, na Mei iliyopita nikahitimu. Sina kazi bado. Natuma maombi, kisha naamka kuyasoma tena nikitafuta neno lililoniharibia. Siku hizi watoto wa kanisani hufundishwa shuleni yale yale niliyoyasema, wakirudi hawaulizwi kitu, na Ndugu Wafula, ambaye ameota mvi, anapenda kuchekesha vijana kwa kisa cha siku alipohubiri sokwe. Wanacheka. Nami hucheka. Kicheko kile kimepoa kwa wote, ndipo napata shida kueleza kwa nini kwangu bado kina joto.

Katika mahafali kwaya nzima ya akina mama ilikuja imevaa vitenge vya sare. Jina langu lilipotangazwa, walisimama na kupiga vigelegele, wakapaza sauti kwa pamoja: “Hongera, Mama Yosua! Hongera, Mama Yosua!” Nilipanda jukwaani kupokea shahada yangu chini ya jina hilo. Baadaye, uwanjani, tulipokuwa tukipiga picha, mama mmoja mgeni aliyewasili karibuni kutoka Burundi alinitazama na joho langu, akamgeukia mama akitabasamu.

“Na huyu binti ni nani wako?”

Mama alinyoosha mkono akaninyoosha ukosi wa joho, akautandaza vizuri begani, bila haraka.

“Huyu?” alisema. “Ni mdogo wake Yosua.”

Nimelipima jibu lile kila upande, usiku na mchana, na sijapata neno hata moja ndani yake lisilo la kweli.