Siku Mwaka 2011 Ulipopelekwa kwa Mwali

Upendo Mkude ni mhudumu wa masjala katika mahakama yetu ya mwanzo, huku barabara ya kuelekea Matombo. Masjala ndicho chumba cha majalada, na kazi yake ni kuyapanga, kuyatafuta na kuyarudisha mahali pake. Ukisikia mtu anacheka mahakamani, ndiye yeye. Watu huingia pale wamekunja nyuso kwa sababu ya mipaka ya mashamba na mbuzi waliokula mahindi, halafu utawaona nje wanajifuta machozi ya kicheko, na shauri lenyewe bado halijaitwa. Hakimu aliwahi kumwambia apunguze sauti. Akapunguza siku moja tu, watu wakadhani anaumwa, wakamletea ndizi.

Mimi ni kinyume chake. Naitwa Luqmani, nalima kabichi na karoti kule juu mlimani, nilisoma mpaka darasa la saba, na kuongea mbele za watu kunanitoa jasho. Nikikuta watu wengi dukani, huondoka nikarudi baadaye. Kwa hiyo nilipofika miaka arobaini na tisa bila mke, hakuna aliyeshangaa. Aliyeshangaza watu ni Zuleha, aliponikubali. Hata mimi nilimwomba arudie.

Zuleha alishawahi kuolewa. Mume wa kwanza alihamia Dakawa kwenye mpunga, akapata mke mwingine huko, na talaka ikatolewa mahakamani mwaka 2011. Karatasi yake Zuleha aliichomeka juu, chini ya bati. Masika ya mwaka huu bati likavuja, karatasi ikawa uji. Sheikh Abasi alipoambiwa, alitikisa kichwa.

"Nawapenda wote wawili," alisema, "lakini bila karatasi ya mahakama sifungi ndoa."

Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Ndoa ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Mchele ulishachambuliwa, na ndugu za Zuleha walikuwa njiani. Tukashuka mlima mbio mbio, Zuleha mbele anacheka, mimi nyuma naomba Mungu.

Mahakamani hatukukuta mahakama. Tulikuta Upendo amesimama uani katikati ya mafurushi ya kanga kuukuu, kama mtu anayehamisha harusi. Mahakama ilikuwa inahamia jengo jipya ng'ambo ya kijito. Daraja lilisombwa na masika, lori lililotumwa kutoka mjini likagoma kuvuka, na hakimu alikuwa anasubiri huko huko ng'ambo. Kwa hiyo majalada yalikuwa yanavuka kichwani, na yeyote aliyepita barabarani alikuwa ameshapewa mzigo.

"Dada Upendo, tunaomba nakala ya talaka yangu," Zuleha alisema. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

"Leo? Shoga yangu, leo haki imefungwa kwenye kanga! Nikifungua hapa, upepo wa mlimani utagawa hukumu kata nzima. Bebeni. Tukifika ng'ambo nafungua lenu la kwanza. Ila fanyeni haraka, hakimu anarudi mjini na hilo lori, na akiondoka hakuna wa kusaini mpaka Jumatatu."

Kila furushi lilikuwa mwaka mmoja wa mashauri ya madai. Upendo alitupanga mstari kwa kufuata miaka, ili tukifika tuweke rafuni kwa mpangilio ule ule. Akapita akitutwisha mmoja mmoja.

"Wewe ni elfu mbili na tisa. Wewe, kaka Luqmani, ni elfu mbili na kumi. Ukiulizwa jina njiani, usiseme Luqmani. Sema Kumi."

"Sawa," nikasema.

"Sema nisikie."

"Kumi."

"Mume huyo!" Akampa Zuleha mwaka 2012.

Katikati yetu alisimama Bibi Asha, muuza maboga wa sokoni, ametwishwa 2011. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mbona unalitazama furushi langu kama unataka kuliposa?"

"Ndani mna talaka ya Zuleha," nikanong'ona.

"Alaa! Basi nitaibeba kama yai."

Tukaanza safari. Maji ya kijito yalitufika magotini, ya baridi mpaka mtu unacheka bila sababu. Upendo alikuwa mbele kabisa amebeba miaka ya zamani, akiimba nyimbo za kwaya ya kigangoni kwao, na Waislamu tukaitikia vilevile. Tulipopanda ng'ambo nikasikia ngoma. Nyumba moja hapo njiani walikuwa wanamtoa mwali, binti aliyekuwa amewekwa ndani akifundwa na leo anatolewa kwa sherehe. Sikugeuka. Mtu mwenye mwaka mzima kichwani hageuki ovyo.

Nilifika jengo jipya, nikaweka 2010 kwenye rafu. Nyuma yangu akaingia Zuleha na 2012. Katikati yetu pakabaki pengo la mwaka mzima.

"Kumi na Moja yuko wapi?" Upendo aliuliza.

"Kaingia ngomani," Zuleha alisema, anahema na kucheka pamoja. "Mwali ni mjukuu wa dada yake. Alisema anapita dakika moja tu ampongeze. Nimemwita mpaka sauti imekauka, ngoma imenishinda. Ngoja nikamtoe."

"Hukanyagi!" Upendo alimshika mkono. "Nakujua wewe, ukiingia kule utacheza mpaka jioni, nitakuwa nimepoteza watu wawili. Aende Kumi."

"Mimi?" nikasema.

"Ndoa ni ya nani? Ya kwangu?"

Nje, dereva wa lori alikuwa ameshawasha injini kujaribu. Nikakimbia.

Nilipofika ile nyumba nikasimama kwenye uzio, nikakohoa. Huwezi kukohoa mbele ya ngoma tatu. Uani kulikuwa na wanawake pekee, wamejifunga kanga sare, na mwali amebebwa mabegani, anang'aa mafuta. Bibi Asha alikuwa katikati anakata kiuno, kichwani hana kitu. Kitu chenyewe nilikiona pembeni, kwenye mkeka, juu ya lundo la mafurushi mengine ya kanga. Walikuwa wamempokea mzigo kwa vigelegele wakidhani ni zawadi.

Nikaingia. Sijui niliingiaje. Nilienda moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, nikashika furushi.

"Wewe baba, mwizi!" Kungwi wa mwali, mama mnene mwenye filimbi shingoni, alinizuia kwa mikono miwili. "Unachukua zawadi ya mwali mchana kweupe?"

"Si zawadi," nikasema.

"Hatusikii!"

"Ni ya mahakama!"

Kungwi akapuliza filimbi. Ngoma zikanyamaza, macho yote yakawa yangu. Bibi Asha akajishika kichwa.

"Mama yangu! Kumi na Moja!" alisema. "Nilisahau kuwa nimebeba mwaka!"

"Ndani mna nini?" kungwi akaniuliza.

"Majalada. Mipaka ya mashamba. Mbuzi. Na talaka ya mchumba wangu."

"Talaka!" Kungwi akaruka nyuma. "Mtoto hajapata hata mchumba, mmeshamletea talaka?"

"Ana bahati!" mmoja akapaza sauti huko nyuma. "Sisi tulizifuata kwa miguu, yeye kaletewa nyumbani!"

Uani kote wakaanguka kicheko. Mwali mwenyewe, ambaye hapaswi hata kutabasamu siku hiyo, alikuwa anatikisika huko juu mabegani. Nikadhani yameisha, nikanyanyua furushi. Kungwi akanishika tena.

"Haitoki hivyo. Imeingia kwa ngoma, itoke kwa ngoma, isiache kitu chochote nyuma kwa huyu mtoto. Twika kichwani, ucheze."

"Mama, mimi sijui kucheza."

"Na kuoa unajua? Twika!"

Wakanitwisha. Ngoma zikaanza. Nilisikia lori likipiga honi kule mahakamani, nikamwona Zuleha akilini, nikamwona Sheikh Abasi anatikisa kichwa, na nikainua mguu. Halafu nikainua mwingine. Miguu ikaanza kufanya mambo ambayo sikuifundisha. Vigelegele vilipanda, Bibi Asha akanizunguka akinipepea kwa upande wa kanga, na mimi, Luqmani wa kukimbia foleni, nikatoka kwenye uzio ule nikiyumba na mwaka mzima kichwani, wala hata jalada moja halikudondoka. Nilitaka kucheka, nikaogopa furushi litacheza na kicheko. Nikacheka tu.

Nilidhani wataishia kwenye uzio. Walinifuata. Ngoma, kungwi, mwali mabegani, wote mpaka mahakamani. Hakimu, mama mmoja mpole, alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye lori. Akaushusha.

"Upendo," alisema, "hili nalo ni shauri?"

"Ni Kumi na Moja, Mheshimiwa! Kumi kamfuata mwenyewe!" Upendo alikuwa ameshanipokea mzigo, yuko chini anafungua fundo kwa meno. Zuleha alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa kanga, na juu ya kanga macho yake yalikuwa yananitazama kama ndiyo kwanza tunaonana.

"Wewe Luqmani! Kumbe unajua kucheza?"

"Hapana," nikasema, huku bega bado linaruka.

Jalada likapatikana. Hakimu akaketi kwenye boksi, akaandika nakala kwa mkono wake, akasaini, akauliza muhuri uko wapi. Upendo akafungua pindo la kanga kiunoni, pale wanawake wanapofunga chenji, akautoa.

"Muhuri wa mahakama unakaa hapo?"

"Mheshimiwa, ningeuweka kwenye furushi, sasa hivi ungekuwa wa mwali."

Hakimu aligonga muhuri huku anacheka, ndiyo maana ukakaa upande. Mimi nikachukua 2011, nikauchomeka rafuni kwenye lile pengo, nikausukuma mpaka ukagusana na jirani zake pande zote mbili.

Kesho yake Sheikh Abasi aliisoma karatasi ile mbele ya watu, akaigeuza, akautazama ule muhuri wa upande. Alifunga ndoa. Tulipotoka nje, nikasimama kama nguzo, sijui mikono niiweke wapi mbele ya watu wote wale. Ndipo Upendo akapaza sauti kutoka nyuma ya umati, ile sauti ambayo hakimu aliikataza.

"Kumi! Mshike mkono Kumi na Mbili, hakuna tena mtu katikati!"

Sheikh akageuka kuuliza ni miaka gani inayozungumzwa. Mimi nilikuwa nimeshamshika Zuleha mkono, na Bibi Asha alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele.