Gololi Iliposhuka Chini

Mnisamehe mwandiko na makosa, naandika polepole. Hapa kambini Kanyaruchinya nililinda mashine ya kupima hewa. Inavuta hewa kupitia chujio la vumbi, na hewa ikipita, gololi inaelea ndani ya bomba la kioo. Majivu ya volkano yalichafua chujio, nikalifua, nikalirudisha likiwa bado na maji. Gololi ikashuka. Kwetu kila mtu anajua mazuku, ile hewa inayoua, hulala chini; nikadhani ndiyo imeivuta gololi. Nikapiga kelele, "Mazuku! Kimbieni!" Watu wakakimbia, wakimwaga maharagwe yaliyokuwa motoni.

Fundi wa mashine akaja, akaifungua, akakamua chujio mbele ya wote waliorudi. "Hewa haipiti! Nani alifua hii?"

Mama mmoja akaniangalia, sufuria yake tupu. "Mutoto, vita ilitukimbiza, volkano ikatukimbiza. Sasa na wewe?"

Ningemjibu nini? Niandikieni.